Mfasiri wa Lubaga

Je, msomi wa maneno matakatifu analazimika kuyaishi, au inatosha kuyajua? Swali hili huzuka popote penye lugha ya dini: kwa wasomi wa Kisanskriti nchini India, kwa masheikh na Kiarabu chao, kwa mapadri na Kilatini chao. Mimi napenda kuliuliza hapa Lubaga, kwa sababu kwa miaka michache Kiswahili nacho kilishika nafasi hiyo juu ya kilima hiki.

Mwaka 1875 Lubaga palikuwa makao makuu ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Mwaka huo alifika Henry Stanley, na katika msafara wake alikuwamo kijana Dallington Scopion Maftaa. Huyu aliwahi kuwa mtumwa, akakombolewa na kusomeshwa na wamisionari wa Kianglikana kule Zanzibar. Kabaka alikuwa amejifunza Kiswahili kutoka kwa wafanyabiashara wa pwani. Kwa hiyo Stanley alipotaka kumpa habari za Biblia, kijana huyo alisaidia kuziandika kwa Kiswahili: muhtasari wa habari kuu na Injili ya Luka yote. Stanley akaendelea na safari yake. Dallington akabaki, awe msomaji na karani wa Kabaka. Wamisionari wa kwanza wa CMS walipofika mwaka 1877, walimkuta yupo.

Hebu tuitazame hali yake. Mtu aliyewahi kuwa mali ya mwingine anamsomea mfalme amri inayokataza wizi, ndani ya lubiri ambamo mateka wa vita hugawanywa kama zawadi. Alipaswa kufanya nini?

Wapo watakaosema alipaswa kumkemea mfalme, la sivyo usomi wake ni bure. Siwaungi mkono. Alikuwa mgeni asiye na ukoo wala mtetezi, na uhai wake ulikuwa mikononi mwa msikilizaji wake. Ni rahisi kumdai mtu ushujaa ambao gharama yake hatuilipi sisi.

Wengine watasema mfasiri ni mjumbe tu, na mjumbe hauawi. Maneno si yake, basi hana la kujibu. Hao nao siwaungi mkono. Mfasiri huchagua. Neno "Bwana" kwa Kiswahili ni Mungu, na pia ni mwenye mtumwa. Mahali pamoja unaweza kuandika "mtumwa" au "mtumishi", na mfalme atasikia mambo mawili tofauti: la kwanza linamgusa yeye na watu waliopiga magoti mbele yake, la pili linapita bila kumgusa. Hakuna kamusi inayoamua hapo. Anayeamua ni mtu, tena mtu mwenye hofu na kumbukumbu zake.

Kwa hiyo jibu langu liko katikati. Msomi halazimiki kuwa mtakatifu ndipo aruhusiwe kufasiri, lakini kuna kiwango cha uanafunzi asichoweza kukikwepa: asilipunguze neno makali kwa kumwogopa mkubwa, wala asiliongeze makali kwa kisasi chake. Anayeweza hayo amekwisha kukubali kwamba kuna kitu kilicho juu yake na juu ya mfalme pia. Huo ni utii, hata kama haendi kanisani wala msikitini.

Waganda walilichukua neno letu "kusoma" wakalifanya "okusoma", nao hulitumia kwa kusoma kitabu na pia kwa kwenda kusali. Waliosoma dini waliitwa "abasomi". Sidhani ni bahati tu. Watu wa kilima hiki waliona kwamba anayesoma sawasawa amejiweka chini ya anachokisoma.

Jambo hili linatuhusu sisi tunaosomea Kiswahili Kampala. Kesho baadhi yetu tutaitwa kumfasiria mshtakiwa mbele ya hakimu, mgonjwa mbele ya daktari, mkimbizi kutoka Kongo mbele ya afisa mwenye muhuri. Aliye dhaifu pale hatakuwa na njia ya kutukagua. Atakachokuwa nacho ni neno tutakalolichagua sisi, na afisa atakuwa anatazama saa.