Amana ya Chura wa Kihansi

Je, ni haki mwanadamu kumkamata mnyama wa porini na kumfungia ili amhifadhi? Wako wasemao kwamba wa porini aachwe porini, hata kama atakufa. Wengine husema heri kufungiwa kuliko kutoweka. Tulipime jambo hili kwa kiumbe wa nchini mwetu, mdogo kuliko kidole gumba.

Chura wa Kihansi alijulikana kwa wataalamu mwaka 1996, katika korongo la mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Duniani kote hakuwa na makao mengine ila pale penye manyunyu ya maporomoko. Hatagi mayai kama vyura wengi. Huzaa watoto walio hai. Mitambo ya umeme ilipoanza kazi, karibu na mwaka 2000, maji mengi yalipitishwa kwenye handaki na manyunyu yakakauka. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani kwa ndege, wakatunzwe katika bustani za wanyama.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Wengi walikufa, hata wakabaki makumi tu. Iliwapasa watunzaji wajifunze ni taa gani ifanane na jua, manyunyu kiasi gani, wadudu wadogo namna gani wa kuwalisha. Hatimaye vyura wakazaana. Huku nyumbani mabomba ya kunyunyizia maji yaliwekwa korongoni, lakini mwaka 2003 waliosalia walipungua ghafula, na mwaka 2009 ikatangazwa kwamba porini hawapo tena. Bila kifungo kile, leo tungesimulia habari zao tu.

Basi, kifungo ni chema? La, si chenyewe. Nuhu aliwaingiza wanyama katika safina, lakini safina haikuwa makao yao; nchi ilipokauka walitoka. Mwenye kumfungia mnyama ameshika amana. Akimnyima chakula, nafasi au tiba, ameihini. Na akimlisha vizuri lakini asijali kamwe kwamba mnyama ana kwao, ameigeuza amana kuwa mali yake.

Mwaka 2010 vyura walirudishwa Tanzania, wakapokewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 baadhi yao wakaachiliwa korongoni. Hapo ndipo zamu yetu ilipoanza. Wa mbali waweza kutulelea vyura. Hawawezi kututunzia korongo.

Hatusemi umeme uzimwe. Hospitali zinauhitaji, na shule pia. Lakini kila tuwashapo taa, tujue kwamba yuko aliyehamishwa kwa ajili ya mwanga huo. Kuyaacha maji kiasi yaendelee kushuka korongoni kuna gharama, na huenda wengine wakaona ni kumfadhili chura. Sivyo. Tunamlipa deni lake.