Kitu Ulicholipia: Ni Chako Kweli?



Katika matawi yetu ya Wamaza, upande wa Kasongo na upande wa Kabambare, kuna swali linalorudi mara kwa mara. Halikuletwa na wasomi. Limeletwa na mama wanaouza mihogo na mawese, na vijana wanaochimba dhahabu, watu waliofanya kazi miezi mingi ili wanunue simu. Wanauliza: "Tumelipa bei yote. Kwa nini simu hii inaonekana kuwa na bwana mwingine? Unite zinapotea, mega zinakwisha hatujazitumia, ujumbe unaingia ambao hatukuuita." Tumeona inafaa kulijibu swali hili hapa, kwa sababu ni swali la haki, na haki ni jambo la Mungu.

1. KUNUUA NI NINI?

Tuanze na Maandiko. Katika Mwanzo sura ya 23 Ibrahimu anataka mahali pa kumzika Sara. Efroni Mhiti anajitolea kumpa shamba bure. Ibrahimu anakataa. Anaomba bei, anaambiwa shekeli 400 za fedha, anazipima mbele ya wenyeji wa mji penye lango. Kisha Maandiko yanaeleza kwa uangalifu kilichopita mkononi mwake: shamba, pango lililomo, na miti yote iliyo ndani ya mpaka wake. Hakuna kilichoachwa nyuma. Efroni hakubaki na mti mmoja wa kuja kuuchuma usiku.

Angalieni pia Yeremia sura ya 32. Nabii ananunua shamba la Anathothi kwa shekeli 17. Hati zinaandikwa mbili, moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, mbele ya mashahidi, na zote mbili zinawekwa katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi.

Hapo tunajifunza mambo matatu ya ununuzi wa haki. La kwanza, bei inajulikana yote tangu mwanzo. La pili, masharti yanasomeka na watu wanayashuhudia. La tatu, muuzaji akiisha kupokea fedha anaondoa mkono wake.

Jambo hili la tatu hata mtoto wa kwetu analijua. Ukinunua mbuzi sokoni, mwenye mbuzi anakukabidhi kamba, naye anakwenda zake. Akirudi usiku kukamua maziwa, tunamwita mwizi, hata kama mbuzi huyo alizaliwa katika zizi lake.

2. MIKONO ILIYOBAKI NDANI YA SIMU

Kwa vifaa vya siku hizi mara nyingi mkono wa muuzaji hauondoki. Tutoe mifano inayojulikana.

Mwezi wa Julai 2009, kule Marekani, kampuni ya Amazon iliingia kwa njia ya mtandao ndani ya vifaa vya kusomea vya wateja wake, vinavyoitwa Kindle, ikafuta vitabu viwili vya George Orwell. Kimoja kati ya hivyo kinajulikana kwa Kiswahili tangu mwaka 1967 kwa jina la Shamba la Wanyama. Kampuni ilieleza kwamba aliyeviuza kupitia kwake hakuwa na haki ya kuviuza. Wateja walirudishiwa pesa zao, na mkubwa wa kampuni, Jeff Bezos, aliomba radhi. Lakini watu walikwisha kuelewa jambo zito: kitabu walichodhani wamekinunua, mtu aliye mbali angeweza kukiondoa wakati wamelala. Biblia ya karatasi iliyo nyumbani kwako, hakuna aliye mbali awezaye kuichana ukurasa.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na mifuko yetu. Mwaka 2020 watafiti wa mambo ya simu walitoa habari kuhusu simu za bei nafuu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi za Afrika, zikiwamo Ethiopia, Kameruni, Ghana na Afrika ya Kusini. Ndani ya simu hizo, zikiwa bado mpya, mlikutwa programu mbaya zilizokuwa zikijaribu kumwandikisha mwenye simu katika huduma za kulipia bila yeye kujua, na kumaliza unite zake. Kampuni ilisema kosa lilitoka kwa mmoja wa waliohusika katika kutengeneza na kusafirisha, wala si kwake. Iwe hivyo au sivyo, aliyeumia ni maskini aliyenunua simu rahisi kwa sababu hakuwa na pesa ya kununua nyingine.

Mfano wa tatu ni wa nchi yetu wenyewe. Mwaka 2020 ilianzishwa rejista ya simu iliyoitwa RAM, chini ya ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia posta na mawasiliano. Tuliambiwa itatulinda na simu za wizi na za bandia. Simu ndogo ya 2G ilitozwa dola 1 kwa mwaka, na simu ya 3G au 4G dola 7. Pesa hizo zilikatwa moja kwa moja katika unite za mtu, kidogo kidogo. Mama aliyenunua unite ili amwite mtoto wake aliye Kindu au Bukavu aliona zimepungua kabla hajasema neno. Watu walilalamika, vijana wa LUCHA walipinga, na mwaka 2021 wabunge walimhoji Waziri Augustin Kibassa Maliba. Mwanzoni mwa mwaka 2022 RAM ilifutwa.

Tena tunakumbuka uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ilifungwa katika nchi nzima, ikarudi tarehe 19 Januari 2019. Mwenye duka aliyekuwa amelipia mega za mwezi alikaa karibu siku 20 na simu yake mkononi, haina kazi.

Wazee wetu walikwisha kuona jambo la namna hii. Siku za Tippu Tip, watu wengi walibeba pembe za ndovu kutoka Kasongo mpaka pwani, mabegani mwao, miezi na miezi, wala hata pembe moja haikuwa yao. Kushika kitu na kuwa mwenye kitu ni mambo mawili.

3. JE, KILA MKONO NI WA MWIZI?

Hapa tuwe waangalifu, ndugu, tusihukumu pasipo kupima.

Huko Kenya kampuni ya M-KOPA ilianza mwaka 2012 kuuza vifaa vya umeme wa jua kwa malipo ya kidogo kidogo. Asiyelipa, kifaa chake kinazimwa kutoka mbali. Mwaka 2020 Safaricom pamoja na Google walianza kuuza simu kwa mpango wa Lipa Mdogo Mdogo, shilingi 20 kwa siku, na asiyelipa simu yake inafungwa. Je, huu ni wizi? Hapana. Deni ni deni. Aliyekubali kulipa katika miezi kadhaa, akaelezwa wazi kwamba simu itafungwa asipolipa, hana haki ya kulia. Lakini siku anapomaliza deni, kufuli hiyo lazima iondoke kabisa. Ikibaki siku moja zaidi, sasa yule mkopeshaji ndiye mwenye deni.

Kuna jambo jingine lililo gumu zaidi. Mwaka 2012 Kenya ilizima simu za bandia, na mwezi wa Juni 2016 Tanzania ilifanya vivyo hivyo. Serikali ina haki ya kuzuia bidhaa za uongo, maana zinadhuru watu. Lakini tujiulize nani alibeba mzigo. Aliyetengeneza uongo alikwisha kupokea pesa. Aliyeuza dukani alikwisha kupokea pesa. Aliyezimiwa simu ni mnunuzi wa mwisho, ambaye hakujua. Sheria inaweza kuwa njema katika kusudi lake, na bado ikamwangukia asiye na kosa.

Kwa hiyo tunapendekeza maswali matatu ya kupimia kila mkono uliobaki ndani ya kitu chako. Je, uliambiwa kabla ya kulipa? Je, mkono huo una mwisho? Je, mwenye mkono huo anaweza kuulizwa na kujibu? Majibu yakiwa ndiyo yote matatu, hayo ni mapatano. Yakiwa hapana, ni kosa la Ahabu, aliyetaka shamba la Nabothi, na akalipata kwa hila na damu (1 Wafalme 21).

4. WANAOSEMA "VYOTE NI VYA MUNGU"

Wako waaminifu wanaosema: "Mashemasi, kwa nini kusumbuka na vitu vya dunia? Vyote ni vya Mungu. Mkristo asishindane kwa ajili ya simu."

Ni kweli vyote ni vya Mungu. Lakini Mungu aliviweka mikononi mwetu kama mawakili, na wakili anaitwa kutoa hesabu. Katika Mathayo 25 kila mtumwa anaulizwa juu ya talanta alizopewa yeye, si juu ya za mwenzake. Hapa ndipo penye uzito wa jambo letu. Mtu hawezi kutoa hesabu ya kitu asichokitawala. Ikiwa simu inatoa pesa zako wewe hujui, inapeleka habari za nyumba yako wewe hujui, inawaletea watoto wako picha chafu wewe hukuziita, siku ya hesabu utasema nini? Kusema "si mimi, ni simu" ni sawa na jibu la Adamu aliposema si yeye, ni mwanamke.

Basi kutaka kutawala kitu ulicholipia si tamaa ya mali. Ni sehemu ya uwakili. Mungu akisema vyote ni vyake, hakusema vyote ni vya mfanyabiashara.

5. NA MIKONO YETU WENYEWE?

Tusimalize kwa kuwanyoshea kidole watu wa Kinshasa, China na Marekani tu. Mikono mingine iliyo ndani ya simu za waaminifu ni mikono yetu.

Mwanamke analima, anauza, ananunua simu kwa jasho lake. Ikifika nyumbani, mume anaichukua, anaamua ni nani apigiwe na saa ngapi. Mume huyo akilia kwamba kampuni imemkata unite bila kumuuliza, nani atamhurumia? Amemfanyia mke wake lile lile.

Mjane hajui kusoma. Anapokea pesa kwa Airtel Money au M-Pesa, anampa kijana wa kabini simu pamoja na namba yake ya siri. Kijana mwaminifu anahesabu na kumkabidhi. Asiye mwaminifu anakata kidogo, akisema ni rezo. Huyo anakula nyumba ya mjane, na tunajua Bwana wetu alisema nini juu ya watu wa namna hiyo.

Na sisi viongozi wa kanisa tusiwe wa kudai kufungua simu za waumini kwa kisingizio cha kutafuta dhambi. Roho wa unabii anafunua yaliyofichika apendapo Mungu. Hana haja ya namba ya siri ya mtu.

6. TUFANYE NINI?

Kwanza, tuulize kabla ya kulipa. Simu hii ina deni la mtu mwingine? Imewahi kufungwa? Huduma hii inaisha lini, na inajirudia yenyewe? Tusibonyeze "nakubali" kwa haraka kwa sababu maneno ni ya Kifaransa au Kiingereza. Tumwite kijana aliyesoma atufafanulie, kama vile Yeremia alivyoita mashahidi.

Pili, kila mtu ashike namba yake ya siri mwenyewe. Vijana wa kanisa wawafundishe mama na wazee, kwa subira, mpaka waweze.

Tatu, kumbukumbu za kanisa zisikae ndani ya simu peke yake. Majina ya waliobatizwa, nyimbo za kwaya, maneno ya unabii yaliyopimwa na wazee, yote yaandikwe katika daftari. Nyimbo zilizorekodiwa ziwekwe pia katika kadi ya kumbukumbu inayokaa kwa katibu. Tukumbuke nabii Simon Kimbangu. Mwaka 1921 alihubiri hadharani miezi michache tu, kisha wakoloni wakamfunga miaka 30, hadi alipofariki Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Walikuwa na ufunguo wa gereza lake, lakini neno hawakuweza kulizima, kwa sababu lilikuwa katika vinywa na mioyo ya watu, wala si mahali pamoja penye ufunguo mmoja.

Nne, tusinyamaze. RAM haikufutwa kwa sababu waliokuwa wakikata unite walichoka. Ilifutwa kwa sababu watu walisema, kwa amani, hadharani, na bila kukoma. Mkristo anawaombea wenye mamlaka, na pia anawaambia wenye mamlaka lililo kweli.

Katika mkutano wa familia juma hili, kila nyumba iweke simu zake mezani, na iulize juu ya kila moja: nani aliilipia, na nani anaitawala? Majina yasipolingana, wazungumze kwa upendo mpaka wajue sababu.

Bwana awabariki katika kazi za mikono yenu. Amina.