Anayelipa Ada, Ndiye Mwenye Somo?

Wapo watakaosema swali hili ni la wachungaji, tuwaachie wenyewe. Sikubali. Mimi si mchungaji, lakini nimekulia kwenye migomba ya Karagwe, na kule kwetu mchungaji ndiye anayezika, anayeamua ugomvi wa mipaka ya shamba na anayeitwa usiku mgonjwa akizidiwa. Akifundishwa vibaya tunaumia sote. Basi nauliza: mtu wa mbali akilipa ada ya kumsomesha, je, somo linakuwa mali yake?

Kwanza tuitazame hali yenyewe. Wamisionari wa Kibaptisti kutoka Marekani walianza kazi Tanganyika mwaka 1956, na mwaka 1962 seminari yao ikafunguliwa Arusha. Sasa chukua ramani, ndugu msomaji. Toka Murongo, mpakani na Uganda, katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, mpaka Arusha, ni kulizunguka ziwa na kuikata kaskazini yote ya nchi. Na anayesafiri ni mkulima: ana mke, watoto, kahawa na maharage yanayosubiri palizi. Kanisa lake linatoa sadaka ya maana kahawa ikinunuliwa vizuri. Bei ikianguka, kapu linarudi na mkungu wa ndizi na mayai matatu. Tusidanganyane, mayai matatu hayasomeshi mtu. Bila rafiki wa ng'ambo wengi wangebaki na Biblia moja na sauti yao.

Lakini wahenga nao hawakulala: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Mji huohuo wa Arusha ndio uliotoa jina kwa Azimio la mwaka 1967, lililotuambia tujitegemee. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri Kenya alikwenda Milwaukee, Marekani kwenyewe, akawaambia wafadhili machoni: sitisheni wamisionari na fedha zenu kwa miaka isiyopungua mitano. Mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka ukaliunga mkono wazo hilo. Eti mtu anamwambia anayempa, "Usinipe!" Huo ni ujasiri, bwana.

Hata hivyo, kukataa tu hakujibu swali langu. Kinachonisumbua si fedha inatoka wapi. Ni nani anayeuliza maswali darasani.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa wa mkoa huu wetu wa Kagera. Miaka iliyofuata mchungaji wa kijijini alizika vijana kila mara, akabaki na bibi anayelea wajukuu yatima, na mjane anayegombewa pamoja na shamba la marehemu. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda wakamiminika, Wakristo waliokimbia Wakristo wenzao. Hayo ndiyo yalikuwa maswali ya teolojia Karagwe. Anayeandaa mtaala akiwa mbali, hata akiwa na moyo safi kama maji ya chemchemi, atayajuaje asipoambiwa? Na nani atamwambia, kama kila anayepokea anaogopa kumuudhi anayetoa?

Msinielewe vibaya, ugeni si dhambi. Mwaka 1963 Wapresbiteri wa Guatemala waliona wanafunzi wao hawawezi kuacha mashamba na familia, wakaamua mwalimu ndiye amfuate mwanafunzi. Mfumo huo ulienea mpaka Afrika. Wazo la mbali, lakini linamfaa mkulima wa Nkwenda kuliko bweni la mjini, kwa sababu lilizaliwa na swali la mkulima.

Kwa hiyo kipimo changu ni kimoja. Ushirika ni wa kweli pale mpokeaji anapoweza kusema "hapana" na urafiki usife. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe si tusi. Linamfanya mgeni kuwa mtu wa nyumbani. Rafiki wa ng'ambo aje, lakini alime pamoja nasi, ajifunze Kinyambo cha kuombolezea, aulize kabla ya kujibu.

Na sisi je? Hatuwezi kudai sauti bure. Mkungu ule wa ndizi lazima uingie kwenye ada, tena uingie kwanza. Hautoshi kitu, najua. Lakini aliyeweka chake, hata kidogo, anakaa kikaoni kama mwenye nyumba. Asiyeweka anakaa kama mwombaji, na mwombaji hachagui.

Nanyi mnaotaka kuandika, msicheke wachungaji. Siku mfadhili atakapotugharimia kitabu na kutueleza anataka hadithi gani ya Afrika, tutakuwa na nini mkononi cha kutuwezesha kukataa?