Jina Mkononi

Agosti 2017, kimbunga Harvey kikiikaribia pwani ya Texas, kiongozi mmoja wa mji wa Rockport aliwataka wanaokataa kuhama waandike majina yao na namba zao za hifadhi ya jamii mkononi, kwa kalamu ya wino usiofutika. Maana ilikuwa wazi: ili maiti yako itambulike.

Wataalamu wa tabia za watu wanajua kwa nini maneno hayo yanachoma. Ukimtajia mtu kasi ya upepo, anasikia namba tu. Ukimwambia ashike kalamu, anaiona maiti yake mwenyewe. Lakini hebu tuulizane: ni haki kumtisha mtu mzima ili umwokoe?

Nadhani ni haki, mradi tishio liwe la kweli. Ukiwatisha watu kwa uongo, safari ya pili hakuna atakayekusikiliza. Na Rockport hawakudanganywa. Kinachonikera mimi ni kitu kingine: kalamu ile inachukulia kwamba kila aliyebaki ni mkaidi. Sisi nasi tunayo yetu, asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na tunaitamka haraka mno. Hatuulizi kama huyo aliyevunjika alikuwa na gari, nauli, au pa kumpeleka mama yake mgonjwa.

Tazama Bangladesh. Kimbunga cha Novemba 1970, wakati huo ikiwa bado Pakistan ya Mashariki, kinakadiriwa kuua watu wasiopungua 300,000. Mwaka 1972 ukaanzishwa mpango wa wajitolea wa vijijini wanaopita na vipaza sauti kuwaonya majirani zao. Hata hivyo, onyo peke yake halikutosha. Wapo waliobaki kwa sababu ng'ombe ndio akiba yao yote. Wapo wanawake waliosita kubanana na wanaume wasiowajua. Basi vikainuliwa vilima vya udongo kwa ajili ya mifugo, na kwenye makimbilio wanawake wakatengewa vyumba vyao. Mei 2020, kabla ya kimbunga Amphan, zaidi ya watu milioni 2 walihamishwa, na waliokufa nchini humo walihesabika kwa makumi.

Hiyo nayo ni sayansi ya tabia, ila imeanza kwa kuuliza: "Nini kinakuzuia?" Woga unaweza kumtoa mtu kitandani, lakini akifika mlangoni anahitaji njia. Anayetisha watu bila kuwapa njia anajiwekea tu akiba ya maneno ya kesho: "Si tuliwaambia?"