Nani Alifanya Hii?

Jumapili tulisoma Kutoka 32, na baada ya ibada ndugu mmoja aliyepandishwa cheo juzi kazini aliniuliza, "Pasta, kiongozi mzuri wa timu ni yupi?" Nilimjibu haraka haraka: awe mwaminifu, asikilize watu, asipendelee. Yote ni kweli. Lakini nikielekea nyumbani nilijua nimekwepa jibu lenyewe, kwa sababu linanigusa.

Kabla sijaingia kwenye huduma nilisimamia watu sita katika kampuni moja ya kusambaza bidhaa. Mwisho wa mwezi mmoja, kijana aliyekuwa mgeni kazini aliandika bei ya zamani kwenye invoisi ya mteja mkubwa. Mimi nikatia saini bila kusoma. Hasara ilipojulikana, bosi alituita akauliza, "Nani alifanya hii?" Nikasema, "Ni huyu kijana." Alikatwa mshahara miezi miwili. Mimi sikuguswa.

Angalia vizuri, mpendwa: sikusema uongo. Ni yeye aliyeandika. Nilijitetea hivyo kwa miaka. Lakini ukweli unaosemwa nusu, ili wewe upone na aliye chini yako aumie, huo bado ni ukweli?

Musa alipokaa mlimani siku 40, watu waliachwa mikononi mwa Haruni. Ni Haruni aliyekusanya dhahabu na kutengeneza ndama. Alipoulizwa, alianza kwa kuwataja watu na ubaya wao. Kisha akaeleza jinsi alivyotupa dhahabu motoni, ndama akatokea, kana kwamba alijitengeneza! Tunacheka, lakini ofisini si tunasema tu, "Makosa yalitokea"?

Musa hata hakuwa pale. Lakini alipanda tena kumwomba Mungu awasamehe, na kama sivyo, jina lake pia lifutwe kitabuni.

Mtu atauliza: kwani kiongozi afunike makosa ya watu wake? Hapana. Soma mstari wa 30. Kabla ya kupanda, Musa aliwaambia watu waziwazi kwamba wametenda dhambi kubwa. Mbele ya watu alitaja kosa lao; mbele ya Mungu alisimama upande wao. Haruni alifanya kinyume. Akiwa na watu aliwakubalia kila kitu, na alipoulizwa akawatupia lawama.

Nikisomea biashara chuo kikuu tulifundishwa kwamba unaweza kumgawia mtu kazi, lakini uwajibikaji unabaki kwako. Niliandika hayo kwenye mtihani nikapita. Siku ya mtihani wenyewe, mbele ya bosi, nilianguka.

Mwaka juzi nilimtafuta yule kijana nikamwomba msamaha. Alinisamehe. Halafu akaniambia kwamba tangu siku ile, yeye na wenzake wakikosea walikuwa wakirekebisha kimyakimya nisijue, na wakishindwa, wanaficha. Mimi nilidhani timu imeacha kukosea. Kumbe ilikuwa imeacha kuniambia.

Kwa hivyo, ndugu yangu uliyeniuliza, hili ndilo jibu langu. Kiongozi mzuri utamjua siku bosi anapouliza, "Nani alifanya hii?" Je, atasema, "Saini ni yangu, nitarekebisha na timu"? Kisha atamwita aliyekosea kando, amwambie kosa lake bila kuzunguka na amfundishe?

Siahidi kwamba hautaumia. Mimi ningekatwa mshahara, na kodi ya nyumba ilikuwa inaningoja. Lakini tunamwabudu Kristo, asiye na kosa lolote, aliyebeba yetu.

Kama kuna mtu uliyemwachia lawama yako, hata ni msichana wa duka au fundi wako, mpigie simu wiki hii. Usingoje miaka kama mimi. Mungu akutie nguvu. Amina.