Injini ya Kale na Mbuzi wa Kwenye Gunia

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja huanza kusukumana. Ya kwanza yasema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Ya pili yasema, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Ile ya kwanza inaeleza jinsi moyo wa binadamu unavyokimbilia kigeni. Hii ya pili inampa sababu ya kubaki na cha zamani. Lakini tuisikilize vizuri hiyo ya pili. Haisemi kwamba zimwi likujualo ni rafiki. Kula linakula; hubakiza kidogo tu.

Aghalabu methali hizi hutumika katika mambo ya ndoa na siasa. Mimi zimenijia juu ya chuma. Nina pikapu ya zamani, Toyota Hilux ya dizeli, yenye injini iitwayo 2L, ambayo ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,446. Kwa miaka mingi imebeba dagaa kutoka Mwaloni Kirumba, ikapita Buzuruga tunapoishi, ikafuata barabara ya Musoma hadi Kisesa na Magu, na kurudi na mpunga au viazi vitamu. Ilipoanza kutoa moshi, kula oili na kuchemka kila ikipanda kilima, ndipo swali lilipokuja: tuifungue injini hii na kuifanyia ovaholi, au tuitoe kabisa na kuweka nyingine?

Msomaji anaweza kusema hilo ni swali la fundi na mfuko, halina falsafa. Nami nasema, ngoja kwanza.

Dereva wa gari hili ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Yeye alikuwa na jibu tayari. "Mjomba, hii imezeeka. Tuweke 3L, tusahau." Hoja yake haikuwa ya kitoto. Injini ya 3L ni ndugu ya 2L, hukaa palepale bila kuchomelea vyuma vipya, na ujazo wake ni 2,779, kwa hiyo ina nguvu zaidi mlimani. Injini ya mtumba kutoka Japani au Dubai hufungwa kwa siku chache tu. Ovaholi huchukua majuma: silinda zipelekwe kwa mkerezaji, krenki isagwe, spea zingojewe kutoka Dar es Salaam. Na kwa dereva anayelipwa kwa safari, kila siku ambayo gari limelala gereji ni siku ambayo nyumbani kwake hakuna mboga.

Fundi wetu alikuwa na neno moja tu. "Mwalimu, mimi sishauri kitu kabla sijafungua."

Nimelitafakari sana neno hilo, kwa sababu naona limebeba shauri zima. Tuangalie upande wa injini ya mtumba. Huko Japani magari hukaguliwa kila baada ya muda, na ukaguzi una gharama, hivyo wengi huyaacha magari ambayo bado yanatembea. Ndiyo maana injini nzuri hutufikia. Lakini injini iliyolala sakafuni dukani haina ulimi. Imeoshwa kwa dizeli na kupakwa rangi ya fedha, inang'aa kama bwana harusi. Je, ilitoka katika gari lililogongwa nyuma likiwa zima? Au ilitoka katika gari lililochemka hadi kichwa cha silinda kikapasuka? Muuzaji naye mara nyingi hajui. Alinunua kontena zima. Hakuna aliyesema uongo, na bado unaweza kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Hata hivyo tusiitukuze ovaholi. Wapo wanaofungua injini kwa mapenzi tu, ilhali chuma chenyewe kimekwisha. Silinda huliwa na ringi mwaka hadi mwaka. Ikiliwa, hupanuliwa na kuwekewa pistoni kubwa zaidi kwa nusu milimita. Ikiliwa tena, milimita moja. Baada ya hapo ukuta umebaki mwembamba, na huna budi kutia slivu au kuacha. Zaidi ya hayo, pistoni na ringi unazonunua zinaweza kuwa feki, na mkono wa mkerezaji unaweza kuwa umechoka siku ile. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba cha zamani tunakijua na kipya hatukijui. Katika njia zote mbili kuna giza, ingawa si giza moja.

Tena lipo giza la tatu, nalo ndilo baya kuliko yote: kutojua kilichoiua injini ya kwanza. Injini ya dizeli iliyotunzwa haifi upesi, aghalabu huuawa. Huuawa na radieta iliyoziba kwa kutu na tope la maji ya ziwani. Huuawa na thamostati iliyotolewa na mtu aliyedhani anaisaidia kupoa. Huuawa na oili iliyopitisha siku zake. Ukifunga injini nyingine mbele ya radieta ileile, umemlaza mgeni katika kitanda cha marehemu bila kuuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani. Watu wengi hupenda kubadili kwa sababu kubadili hakudai maswali. Ndivyo tunavyofanya na mameneja, na walimu wakuu, na hata wenyeviti wa vyama vya ushirika: tunamtoa mmoja, tunaweka mwingine, na radieta haiguswi.

Wapo pia wanaokataa kubadili kwa hofu kwamba gari litakuwa si lile tena. Swali hili ni la kale. Mwandishi wa Kiyunani, Plutarch, alieleza jinsi watu wa Athens walivyoitunza meli ya shujaa Theseus kwa kutoa mbao zilizooza na kuweka nyingine, hadi wanafalsafa wakabishana kama ni meli ileile au siyo. Wavuvi wetu wangeshangazwa na ubishi huo. Mtumbwi hubadilishwa ubao, hutiwa kalafati, na jina lake ubavuni linabaki. Kadi ya gari nayo ina namba mbili, ya chasisi na ya injini. Ukibadili injini unakwenda kurekebisha maandishi, na gari linaendelea kuwa lako.

Hata maziwa yetu yametoa ushahidi. Meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika iliundwa Ujerumani mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 ili isitekwe, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo grisi ili anayekuja baadaye aikute nzima. Iliibuliwa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina jipya, na katika miaka ya 1970 mitambo yake ya mvuke ikatolewa na kuwekwa injini za dizeli. Hapa Mwanza, MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961 ilifanyiwa ukarabati mkubwa na kurudi majini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya. Bodi ikabaki. Kwa hiyo kubadili si usaliti, na kutunza si ushamba.

Lakini ziwa hilohilo lina ushahidi mwingine, nao hauzungumzwi kwa sauti kubwa katika nyumba nyingi za Mwanza na Bukoba. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikikaribia kufika hapa, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake, na mamia wakafa. Wale waliokufa hawakuwa na nafasi ya kuikagua meli ile. Wao walikata tiketi tu. Walibeba miilini mwao gharama ya mambo ambayo wengine walipaswa kuyajua na kuyazuia.

Hapo ndipo naona kiini cha shauri letu. Maadam hakuna njia isiyo na giza, swali la haki si kipya au cha zamani. Swali ni hili: lile usilolijua litamwangukia nani? Nikifunga injini nisiyoijua na ikafa usiku kati ya Kisesa na Magu, mwenye kulala barabarani si mimi bali mpwa wangu, pamoja na mama aliyepakia magunia ya dagaa kwa mtaji wa mkopo. Nikiamua kufungua ile ya zamani na kusubiri majuma matatu, mwenye kukosa posho si mimi pia. Mwenye gari huchagua, na asiye na gari hulipa.

Basi tulifanya hivi. Fundi alifungua kwanza. Silinda zilikuwa zimepanuliwa mara moja tu, krenki ilikuwa na uhai, kichwa kilikuwa kimepasuka, na radieta ilikuwa imeziba karibu nusu. Kwa hiyo tulifanya ovaholi: kichwa kipya, pistoni za saizi inayofuata, beringi, na radieta ikafunguliwa na kusafishwa. Kwa siku zote gari lilipokuwa limelala nilimlipa mpwa wangu nusu ya posho yake, na nilimweleza kwamba hiyo si sadaka. Subira ilikuwa uamuzi wangu. Isingekuwa haki ailipie yeye peke yake. Hakufurahi sana, maana nusu si nzima, na hadi leo husema 3L ingepanda mlima vizuri zaidi. Huenda ni kweli.

Lau fundi angekuta ukuta wa silinda umekwisha, ningenunua injini nyingine bila kusita, ila ningetaka kuisikia ikiunguruma kwanza, kifuniko cha oili kikiwa wazi ili nione kama inapumua moshi, na muuzaji anipe muda wa kuijaribu. Na radieta ingesafishwa vilevile.

Msomaji wangu huenda huna pikapu. Lakini una kitu kilichochoka: nyumba, kazi, chama, pengine hata urafiki. Kabla ya kukimbilia kipya au kung'ang'ania cha zamani, fungua utazame kilichokiua. Kisha tazama ni nani aliyepanda nyuma, ambaye hakuulizwa, na uhakikishe kwamba gharama ya usilolijua haimwangukii yeye.