Mgeni Anayelipa Anadaiwa Nini?

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nilifundishwa mwaka wa kwanza, nikaikariri na kuijibia mtihani. Sikujua kwamba ingekuja kuniachia swali ambalo halikuwamo katika mtihani ule: mgeni aliyelipia kitanda chake anadaiwa nini na wenyeji wake?

Likizo ya mwezi wa nane nilipanda basi Kampala, nikavuka mpaka pale Mutukula na kuendelea hadi Dodoma. Mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili katika nchi ambayo wengi hukisikia darasani kuliko nyumbani, nami nilitaka kukisikia jikoni na shambani. Mwenzangu mmoja alinielekeza Hombolo, kijiji chenye bwawa na mashamba ya zabibu, kwa familia inayopangisha chumba kimoja kwa wageni. Bei ilikuwa shilingi 20,000 za Tanzania kwa usiku, pamoja na chai ya asubuhi. Nilifika jioni. Niliamkia shikamoo, nikaitikiwa marahaba, kisha nikafundishwa kusema "mbukwenyi" kama Wagogo wanavyosalimiana. Usiku huo tulikula ugali wa uwele na mlenda, na mama mwenye nyumba akaniita mwanangu.

Dodoma ni nchi kavu, lakini mzabibu huko huzaa mara mbili kwa mwaka, na nilifika wakati wa mavuno. Zabibu iliyoiva haimngoji mtu. Gari la mnunuzi likichelewa, matunda hupungua uzito na kuanza kuoza, na mkulima hulazimika kukubali bei yoyote au kukamua mwenyewe ule wanaouita mchuzi wa zabibu. Siku ya tatu niliomba mkasi kabla sijapewa. Asubuhi mbili nilikata vichala na kuvipanga kwenye kreti, nikajiona nimekuwa mtoto wa nyumba ile.

Siku ya kuondoka mama alifungua daftari: siku tisa, shilingi 180,000. Moyo uliniuma. Nimeitwa mwanangu, nimevuna asubuhi mbili, na hata shilingi moja haikupunguzwa! Nikasema kwa utani uliokuwa na mwiba ndani yake, "Mama, kumbe mtoto hulipa kwao?" Naye akanigeuzia daftari. "Mwanangu, chumba ni biashara. Chakula cha jioni nimekuandikia?" Nikatazama. Hakikuwamo. Milo tisa ya jioni, na hakuna hata mmoja ulioandikwa.

Kama mambo yangeishia hapo, insha hii ingekuwa rahisi. Ningesema kwamba biashara na ukarimu vinaweza kukaa katika nyumba moja, mradi kila kimoja kijue ukurasa wake. Ningemtaja Kant, aliyeandika mwaka 1785 kwamba tusimtumie mtu kama chombo tu. Neno "tu" ndilo lenye uzito hapo. Mwenye chumba hunitumia kupata fedha, nami humtumia kupata kitanda, na hakuna ubaya ikiwa kila mmoja bado anamwona mwenzake kuwa mtu. Ningemaliza hapo na kupata alama nzuri.

Lakini asubuhi hiyo hiyo, nikikusanya nguo zangu, nilikuta daftari la kemia kati ya godoro na ukuta. Lilikuwa la binti wa nyumba, mwanafunzi wa kidato cha tatu. Ndipo nilipoelewa kwamba chumba kile kilikuwa chake. Siku tisa alikuwa amelala kwenye mkeka sebuleni pamoja na wadogo zake. Kila usiku nilikuwa nimeona mwanga wa tochi chini ya mlango, nikadhani mtu amesahau kuizima. Alikuwa anasoma. Nilipomrudishia daftari nilijaribu kumwomba radhi, akanikatiza: "Nimezoea, kaka. Wageni wakija ndipo hela ya madaftari na sare inapopatikana."

Daftari la mama lilikuwa na aina mbili za mambo: aliyoyauza, yaliyoandikwa, na aliyoyatoa bure, ambayo hayakuandikwa. Kitanda cha binti kilikuwa wapi? Yeye hakukiuza, maana bei hakuipanga yeye. Wala hakukitoa, maana nadhani hakuulizwa. Tunapousifu ukarimu wa Mwafrika, aghalabu tunamsifu anayefungua mlango, tukamsahau anayehamishwa ili mlango ufunguliwe. Mara nyingi huyo ni msichana, na hakuna anayesema asante kwake.

Naweza kupingwa. Wa kwanza atasema kwamba familia ni mwili mmoja, na fedha ile ilimrudia binti kwa njia ya madaftari. Ni kweli, lakini hata mwili mmoja una mguu unaochoka kuliko mwingine, na kufaidika na jambo si sawa na kuulizwa. Wa pili atasema kwamba mgeni hana haki ya kupekua jinsi wenyeji wanavyolala. Huo ni ukosefu wa adabu. Hoja hii ni nzito zaidi, nami sijaishinda. Ningekataa chumba, ningemwaibisha mama nyumbani kwake, na shilingi 180,000 zisingeingia, katika msimu ambao bei ya zabibu iko mikononi mwa mnunuzi. Binti angerudishiwa kitanda, akose daftari.

Kwa hiyo sisemi kwamba mgeni asije, wala kwamba asilipe. Nasema kwamba malipo hufunga deni la chumba, hayafungi wajibu wa kujua umekaa mahali pa nani. Mwalimu Nyerere aliitumia methali ya jembe katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, akaeleza kwamba mgeni wa zamani huenda angeliomba jembe mwenyewe, kwa kuona aibu kukaa bure. Niliposoma maneno hayo nilijipongeza, kwa kuwa mkasi niliuomba. Sasa naona niliomba kazi iliyo rahisi, ile inayoonekana mchana na kusifiwa. Jembe langu la kweli lilikuwa swali ambalo sikuliuliza usiku wa kwanza: watoto wanalala wapi?

Nilimwachia binti taa yangu ya sola. Taa hailipi kitanda, na nashuku ilitua moyo wangu kuliko ilivyomsaidia yeye. Mama nilimlipa zote, 180,000, nikamwomba radhi kwa utani wangu. Akacheka, akanifungia zabibu za kula njiani. Hakuziandika.

Nataka kurudi. Najua nikiuliza swali lile mlangoni, mama anaweza kunijibu kwamba nafasi ipo tele, na binti akaitikia kwa heshima akiwa ameshika mkeka wake. Hata hivyo nitauliza, na nitamuuliza yeye pia, kabla sijashusha begi.